Sabato ya Masoro na amri za wakubwa

Ijumaa jua linapoelekea kuzama, Masoro, Kigali, hugawanyika. Kwenye Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali mashine haziujui usiku wala mchana. Jirani yake, kwenye Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, watu wanafungua Sabato: hakuna kipindi wala mtihani mpaka jua la Jumamosi litue.

Wasiokuwa Wasabato huiona siku hii kama mapumziko yaliyotiwa baraka, au sheria kavu iliyosahauliwa kufutwa. Mimi naiona kama zoezi la kukataa. Msabato hukataa hela ya zamu. Nchini Rwanda humbidi akatae hata umuganda, kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo sheria inamtaka kila mwenye umri wa miaka 18 hadi 65 ashiriki. Serikali imelegeza kamba, na Wasabato wengi hufanya umuganda wao Jumapili. Hata hivyo, wiki baada ya wiki, muumini anafunzwa kwamba yuko wa kutiiwa kabla ya mwajiri na kabla ya kiongozi wa mtaa. Katika nchi ambayo mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakubwa walitoa amri ya kuua na watu wakaitika, somo hilo lina uzito.

Upande wa pili wa jiji, Nyamirambo na Biryogo, mitaa ambamo Kiswahili kina mizizi yake Kigali, utii wa Ijumaa una umbo jingine. Adhana ikisikika, biashara inaachwa. Swala ikiisha, ruhusa ipo ya kurudi dukani kutafuta riziki. Uislamu haukuifanya Ijumaa kuwa siku ya kulaza kazi. Unaukata mchana katikati, basi. Kukataa kwenyewe kumewekwa mahali pengine, katika fundisho analolijua kila mtoto wa madrasa: amri ya kiumbe haina nguvu pale inapomwasi Muumba. Mwaka 1994 Waislamu wengi wa Nyamirambo waliwaficha majirani zao, na sifa hiyo wanayo mpaka leo. Lakini Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la chuki la Kangura, naye alikuwa Mwislamu.

Walokole hawana siku wala sheria ya namna hiyo. Uamsho wao, ulioshika moto Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, chini ya misheni ya Kianglikana aliyokuwamo daktari Joe Church, uliweka utii katika toba ya hadharani. Unasimama mbele ya ndugu, unataja dhambi kwa jina lake, unarudisha ulichoiba. Moto huo ulifika Kenya, na katika vita vya Mau Mau miaka ya 1950 wapo Walokole wa Kikuyu waliokataa kula kiapo cha msituni na pia wakakataa bunduki ya serikali ya mkoloni. Baadhi yao waliuawa. Nikipima kwa gharama, hapo ndipo ninapouona utii wa Kikristo Afrika Mashariki ukiwa mtupu kabisa, hauna hata mlinzi mmoja. Na bado kanisa la Kianglikana la Rwanda, mtoto wa uamsho uleule, liliingia mwaka 1994 likiwa limesogea karibu mno na ikulu. Mmoja wa maaskofu wake alishtakiwa katika mahakama ya kimataifa huko Arusha kwa mauaji ya kimbari na akafariki kabla ya hukumu.

Wasabato nao. Tarehe 16 Aprili 1994, siku ya mashambulizi ya Mugonero, Kibuye, ilikuwa Jumamosi. Wakimbizi walikuwa wamejaa kanisani na katika hospitali ya Kiadventista. Wachungaji wa Kitutsi waliokuwa humo walimwandikia mkuu wao, Elizaphan Ntakirutimana, wakimwomba awaombee kwa meya. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha ilimhukumu Ntakirutimana kifungo cha miaka 10, na rufaa ikathibitisha hatia yake ya kusaidia mauaji ya vilima vya Bisesero. Huyu alikuwa ameitunza Sabato kwa miaka mingi. Alijua kukataa kazi ya Jumamosi; ndugu zake walipoomba awakatalie wauaji, zoezi lake la miaka yote hiyo halikumsaidia kitu.

Msabato mwingine alikuwa Kigali siku zilezile. Carl Wilkens, Mmarekani aliyeongoza nchini Rwanda ADRA, shirika la misaada la kanisa hilo, alitakiwa aondoke, na ubalozi wake na wakuu wa kanisa pia. Akabaki. Akawa anawapelekea maji na chakula mayatima wa Gisimba, Nyamirambo, katika mitaa ya Waislamu. Ukimhukumu kwa kanuni za ofisi, alikuwa mkaidi.

Mwaka 2019 Waadventista walifungua chuo cha udaktari hapohapo Masoro. Mafundisho yao yanaruhusu kumhudumia mgonjwa siku ya Sabato, kwa hiyo mwanafunzi aliye wodini Jumamosi hajaasi lolote. Mugonero pia palikuwa na daktari wa Kiadventista: Gérard Ntakirutimana, mwana wa mchungaji yule. Alihukumiwa miaka 25.