Habari za Watoto wa Buluu

Huenda, msomaji, katika kijiji chako yuko mtoto ambaye akicheza na wenziwe hakawii kuchoka. Hukimbia hatua chache, kisha huchuchumaa, magoti yakigusa kifua, akahema. Baada ya kitambo huinuka tena. Ukimtazama midomo na kucha utaona rangi ya buluu, na ncha za vidole vyake zimevimba kama rungu. Sisi walimu twakiri kwamba tumepata kumdhania mtoto wa namna hii kuwa mvivu, na wako wazee waliosema amelogwa, au mamaye alivunja mwiko. Sivyo. Moyo wake umezaliwa na kasoro, na kule kuchuchumaa ni dawa aliyojifunza mwenyewe pasipo mwalimu: mishipa ya miguu hubanwa, na damu nyingi zaidi ikashika njia ya mapafuni.

Moyo una vyumba vinne. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini, iliyopungukiwa na hewa safi, ukaisukuma mapafuni. Ikirudi nyekundu, upande wa kushoto huipeleka mwilini. Mwaka 1888 Étienne-Louis Fallot, daktari wa Marseille katika Ufaransa, alieleza wazi kasoro nne ziendazo pamoja. Njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba. Ukuta wa vyumba viwili vya chini una tundu. Mshipa mkuu wa mwili umekaa juu ya tundu lile, ukapokea damu ya pande zote mbili. Na nyama ya chumba cha kulia imekuwa nene kwa kazi nzito. Basi damu isiyopata hewa huvuka ikarudi mwilini vile vile, nao ndio ubuluu. Ugonjwa ukapewa jina la Fallot, na watoto wakaendelea kufa kwa miaka zaidi ya 50.

Tangu mwaka 1816, Laennec wa Paris alipokunja karatasi kama bomba na kuiweka kifuani mwa mgonjwa, madaktari walikuwa wakipeleleza moyo na mapafu kwa masikio. Lakini aliyekuja kuwafahamu watoto wa buluu kuliko wote alikuwa bibi ambaye masikio yake yalikuwa yakiziba.

Jina lake Helen Taussig, aliyezaliwa Marekani mwaka 1898. Mamaye alikufa kwa kifua kikuu yeye akiwa na miaka 11, na katika utoto wake kusoma kulimshinda sana, hata akajitaabisha kuliko wenziwe. Mwaka 1930 alikabidhiwa zahanati ya moyo ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Kwa kuwa hakusikia vema, alisoma maneno midomoni mwa watu, na juu ya vifua vya watoto aliweka viganja vyake, akahisi mtetemo wa damu ipitayo mahali pembamba. Kisha aliwageuza geuza mbele ya mashine ya eksirei, akitazama kivuli cha moyo kwa kila upande.

Ndipo akaona jambo. Kila mtoto tumboni mwa mamaye huwa na mfereji mdogo uunganishao mshipa mkuu na mshipa wa mapafu, nao hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Watoto wengine wa buluu walikuwa na nafuu mfereji ule ukiwa wazi. Ulipofungika, hali yao iliharibika mara moja. Akawaza: ikiwa kufungika kwake kwaleta kifo, kwa nini tusitengeneze mwingine?

Mwaka 1938, huko Boston, Robert Gross alikuwa amemfunga mtoto wa miaka 7 mfereji uliobaki wazi isivyofaa. Bibi Taussig alimwendea na shauri lake. Kufunga Gross alijua, kufungua hakukumvutia.

Mwaka 1941 akaja Baltimore daktari mpasuaji, Alfred Blalock, pamoja na msaidizi wake Vivien Thomas, mtu mweusi aliyezaliwa mwaka 1910. Hapa yafaa tukae kidogo. Thomas alijifunza useremala kwa babaye. Alikuwa akiweka akiba apate kusomea udaktari, lakini benki ilianguka na fedha yote ikapotea. Hapo alikuwa amekwisha kuajiriwa na Blalock mjini Nashville, mwaka 1930, na katika daftari la mishahara akaandikwa kuwa mfagizi, ijapokuwa kazi yake ilikuwa kupasua wanyama na kupima damu yao. Bibi Taussig alipoeleza shauri lake, ni Thomas aliyepewa kulijaribu. Alitumia mbwa wapatao 200. Kwanza ilimpasa kuwatia mbwa ubuluu, kisha auondoe kwa kukata mshipa uendao mkononi na kuushona kwenye mshipa wa mapafu. Vyombo vilikuwa vikubwa mno kwa kazi hiyo. Hata sindano alizikata akazinoa upya.

Tarehe 29 Novemba 1944 akaletwa mtoto wa kike wa miezi 15, uzito wake kilo 4 tu. Blalock alishika kisu, lakini alimwita Thomas asimame nyuma yake juu ya kigoda. Thomas alikuwa ameishona mishipa ile mara nyingi kuliko yeye, na bwana mkubwa aliuliza, fundi akajibu, hata mshono ukaisha. Mtoto alipona, akarudi kwao. Baada ya miezi hali ikarudi, akapasuliwa tena, akafa kabla ya kutimiza miaka miwili. Twasema hili kwa sababu habari hii hupenda kusimuliwa bila kifo chake. Mgonjwa wa tatu, mvulana wa miaka 6, midomo yake iligeuka kuwa myekundu palepale mezani, vibano vilipofunguliwa.

Mei 1945 habari zilichapishwa, na wazazi wakaleta watoto toka nchi za mbali. Upasuaji uliitwa Blalock-Taussig. Jina la Thomas halikutajwa.

Tangu mwaka 1954 mafundi wa Minneapolis waliweza kuufungua moyo wenyewe, wakaziba tundu na kupanua njia. Siku hizi watoto wengi hutengenezwa hivyo wangali wachanga, na Dar es Salaam imekuwa na taasisi ya moyo, yenye jina la Rais mstaafu Jakaya Kikwete, tangu mwaka 2015. Kwa hiyo mtoto wa midomo ya buluu apelekwe hospitali mapema, asingojee kukua.

Mwaka 1976 chuo cha Johns Hopkins kilimpa Thomas shahada ya heshima ya udaktari, ya sheria, si ya tiba. Kwa miaka mingi kabla ya hapo alikuwa akiwafundisha madaktari wa chuo kile kile namna ya kukata na kushona.