Nyanungu na Milima ya Tarime

Nyanungu ni kata ya Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, kaskazini kabisa mwa Tanzania. Imekaa kwenye kona ambako mpaka wa Kenya unakutana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mashamba ya vijiji vyake, Kegonga na Nyandage miongoni mwao, yanafika hadi kwenye vigingi vya hifadhi. Kusini, ng'ambo ya Mto Mara, iko Wilaya ya Serengeti yenye makao makuu Mugumu. Tarime inajulikana nchini kwa kahawa, dhahabu, ng'ombe, askari na siasa kali. Karibu kila moja ya sifa hizo ina sura yake Nyanungu, na iliyobaki, yaani mgodi, iko wilaya hiyo hiyo.

Nchi yenyewe ni ya vilima na miinuko. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari; mji wa Tarime uko karibu mita 1,500, na miinuko ya mashariki inapanda zaidi. Jioni za huku si za Musoma, mji wa ziwani ulio makao makuu ya mkoa. Mgeni aliyekuja na shati jepesi huanza kuulizia sweta kabla jua halijazama. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, masika na vuli, na milimani ni nyingi kuliko tambarare ya ziwani, ndiyo maana migomba na mibuni hustawi hapa huku jirani zao wa chini wakitegemea muhogo na mtama.

Upande wa mashariki miinuko inaishia ghafla kwenye ukingo wa Isuria, ule ule unaoitwa Oloololo upande wa Kenya, unapoitazama Maasai Mara kutoka juu. Chini yake ni Lamai, kipande cha Serengeti kilicho kati ya Mto Mara na mpaka wa nchi. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyumbu huwa katika ukanda huu wa kaskazini, wakivuka mto mbele ya mamba na mbele ya watalii waliolipa fedha nyingi kuwaona. Mto wenyewe unaanzia kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, husafiri kama kilomita 395, hupita hifadhi mbili na vijiji vya Tarime na Serengeti, kisha hutulia kwenye kinamasi cha Masurura kabla ya kumwaga maji ziwani karibu na Musoma. Nchi zote mbili huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, kwa kuwa miti ikikatwa Mau, anayekosa maji ni mkulima na nyumbu wa huku chini.

Mpaka wa kaskazini haufuati mlima wala mto. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari ulionyooka kutoka Ziwa Victoria, kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, hadi mguu wa Kilimanjaro na kushuka pwani. Mstari huo uliwakata Wakurya vipande viwili, na hadi leo koo zao ziko pande zote: Tarime na Serengeti kwa Tanzania, Kuria Magharibi na Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori kwa Kenya. Mji mkuu wa Kuria Mashariki nao unaitwa Kegonga. Kwa hiyo mtu anayesema anakwenda Kegonga inabidi aulizwe ipi, ya Kenya au ya Nyanungu. Harusi, misiba na ng'ombe vimekuwa vikivuka mstari huo bila kusubiri mihuri.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 339,693 katika Wilaya ya Tarime. Mkoa wa Mara kwa jumla ulitoka watu 1,743,830 mwaka huo hadi 2,372,015 katika sensa ya 2022, ongezeko la zaidi ya watu 600,000 kwa miaka kumi. Ardhi haikuongezeka, na hilo ndilo chimbuko la sehemu kubwa ya ugomvi unaosikika kutoka huku.

Wakurya ni Wabantu, wafugaji na wakulima kwa pamoja. Wamegawanyika kwa koo, kila moja na eneo lake na mnyama wake wa mwiko: Wanchari, Watimbaru, Wanyabasi, Wakira, Wairegi, Wanyamongo, Walyanchoka na wengine. Juu ya koo kuna mpangilio wa vizazi wenye mizunguko miwili, Abasai na Abachuma, ambao mtoto huurithi kwa baba yake. Majina ya Chacha, Marwa na Mwita kwa wanaume, Bhoke, Ghati na Rhobi kwa wanawake, humtambulisha mtu popote alipo, iwe kambini Dodoma au sokoni Kariakoo. Kambini hasa: tangu enzi za jeshi la mkoloni hadi JWTZ na Polisi, Wakurya wamekuwa wakijiandikisha kwa wingi, na mshahara wa askari umejenga nyumba nyingi za bati vijijini.

Muziki wao una sauti nzito. Litungu ni zeze kubwa la nyuzi nane, bakuli la mti lililowambwa ngozi, na mpigaji hulikalia karibu kana kwamba anaongea nalo. Wachezaji huvaa viatu vya gogo vinavyowainua kutoka ardhini, hivyo ngoma inakuwa ya mabega na shingo zaidi kuliko ya miguu. Mezani utakuta ugali wa ulezi au muhogo, maziwa ya mgando, na nyama ya kichuri, inayoungwa kwa majimaji machungu ya tumbo la ng'ombe au mbuzi. Wageni husita kijiko cha kwanza. Wengi hawasiti cha tatu.

Mila mbili huwagawa watu, hata Wakurya wenyewe. Ya kwanza ni nyumba ntobu, ndoa ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari na kuoa mwanamke mwenzake ili apate watoto wa kuendeleza nyumba yake. Wapo wanaoiona kama kinga ya mjane dhidi ya kunyang'anywa mali na shemeji. Wapo wanaoiona kama njia ya kuoza binti wa maskini kwa ng'ombe. Ya pili ni ukeketaji, na hapa hakuna pande mbili za kupimwa: sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Hata hivyo msimu umeendelea kurudi, hasa Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, wazee wa mila wakishatoa ruhusa. Kituo cha Masanga huko Tarime, pamoja na nyumba salama za Butiama na Mugumu, huwapokea mamia ya wasichana wanaokimbia, wengine wakitembea usiku kucha.

Uchumi wa milimani ni wa jembe na zizi. Mahindi, ndizi, ulezi, viazi vitamu na muhogo ni chakula. Kahawa na tumbaku ni fedha. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo Sirari, mji wa mpakani ambako malori husubiri kuingia Isebania, Kenya, na ambako muuza duka hukurudishia chenji ya shilingi yoyote kati ya mbili. Bei ikiwa nzuri Kenya, mahindi na ng'ombe huelekea huko, kwa njia halali au za panya. Zao lingine halitajwi kwenye taarifa za kilimo: bangi, inayolimwa mabondeni na kwenye kingo za Mto Mara, na ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuja mara kadhaa kuifyeka.

Ng'ombe ni mahari, ni akiba, na kwa muda mrefu wamekuwa pia sababu ya damu. Wizi wa mifugo kati ya koo na koo, na kuvuka mpaka, uligeuka biashara ya bunduki miaka ya baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, silaha zilipozagaa. Mapigano ya Wanchari na Walyanchoka mwishoni mwa miaka ya 2000 yalichoma nyumba na kuwahamisha watu. Serikali ilijibu kwa kuunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya, yenye kamanda wake, ilhali mkoa ni mmoja.

Dhahabu iko Nyamongo. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002, ukapitia mikono kadhaa hadi kufika kwa Barrick mwaka 2006. Tangu makubaliano na Barrick yaliyozaa kampuni ya Twiga, Serikali ina hisa za asilimia 16. Vijiji vya Kewanja, Nyangoto, Genkuru, Kerende na Nyamwaga ndivyo vilivyoupokea. Kumbukumbu zake si za mapato peke yake. Mei 2009 maji ya mgodi yenye tindikali yalivujia Mto Tigithe, na Mei 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu 5 katika kundi lililoingia kuchukua mawe ya dhahabu. Leo halmashauri hupata ushuru wa huduma kutokana na mauzo, na madarasa na zahanati zinazojengwa kwa fedha za mgodi zinaonekana kwa macho.

Nyanungu haina mgodi. Jirani yake tajiri ni tembo. Mahindi yanapokomaa, familia hulala shambani na tochi, madebe na moto. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, kikihesabiwa kwa ekari, kisizidi ekari tano, na kiwango kikipanda kadiri shamba lilivyo mbali na hifadhi. Shamba lililo ndani ya nusu kilomita kutoka mpakani halikupata kitu. Kwa mkulima wa Nyandage au Kegonga, ambaye shamba lake ndilo la kwanza tembo anapotoka, kanuni hiyo iliandikwa kinyumenyume. Vigingi vipya vilipowekwa mwaka 2022 na wananchi wakadai vimeingia kwenye ardhi ya vijiji vyao, hasira ilikuwa na historia.

Utawala unaanzia kitongoji, kijiji, kata na tarafa hadi wilaya. Kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote na halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, wakichaguliwa kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024. Kata ina diwani. Juu yao, mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais. Tarime ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, hii ya pili makao yake yakiwa Nyamwaga. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, kilomita 87, imekuwa ikiwekwa lami kwa vipande.

Kando ya ngazi hizo iko nyingine. Inchama, baraza la siri la wazee wa mila, huamua msimu wa tohara na kutoa laana. Iritongo ni mkutano wa hadhara wa kuhukumu wezi na migogoro. Mwanasiasa anayezipuuza huwa hadumu.

Na wanasiasa hapa hawalali. Chacha Wangwe aliichukua Tarime kwa tiketi ya CHADEMA mwaka 2005, akafariki katika ajali ya gari Julai 2008, na Charles Mwera akakirudisha kiti kwa chama hicho Oktoba mwaka huo huo. Mwaka 2010 kilikwenda CCM kwa Nyambari Nyangwine. 2015, jimbo likiwa limegawanywa, CHADEMA ilichukua yote mawili kupitia John Heche na Esther Matiko. 2020 yakarudi CCM kwa Mwita Waitara na Michael Kembaki. Heche alichaguliwa makamu mwenyekiti wa CHADEMA Bara Januari 2025.

Mbunge wa Tarime Vijijini, moja ya majimbo hayo mawili, ndiye pia sauti ya Nyanungu katika suala la mpaka wa hifadhi. Mkutano wa kijiji unaweza kuidhinisha ugawaji wa ardhi ya kijiji, na baraza la ardhi la kijiji kusuluhisha ugomvi wa mashamba mawili, lakini kuondoa kipande cha ardhi katika hifadhi ya taifa kunahitaji tangazo la Rais na idhini ya Bunge.