Faida ya Elimu ya Juu ya Muziki: Habari za Nketia

J. H. Kwabena Nketia, mzaliwa wa Mampong katika nchi ya Waashanti, alikwenda London mwaka 1944 kusoma elimu ya lugha, kisha muziki; mwaka 1958 akaendelea na muziki Marekani. Ngoma alikwisha kuzikuta kwao, pamoja na mafundi wake. Alichokipata ugenini ni njia ya kupambanua na kuandika aliyoyasikia tangu utotoni. Maneno ya Kiakan hubadili maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Ndiyo sababu ngoma huweza kusema. Hayo hayafafanuliwi na mwanamuziki asiyejua lugha, wala na mtaalamu wa lugha asiyejua muziki. Kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya upigaji ngoma wa Waakan chathibitisha. Basi elimu hiyo haikukalia kiti cha wazee: ilimrudisha kwao akijua la kuuliza, nao wangali hai.