Mtepe wa Wabajuni na Mgawanyo wa Kazi

Mwaka 1968 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuugawa mradi mkubwa katika kazi ndogondogo. Katika insha hii ninadai kwamba waundaji vyombo wa pwani yetu walikuwa na maarifa hayo zamani. Mfano wangu ni mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari. Miongoni mwa waliosifika kwa kuuunda ni Wabajuni, wenyeji wa pwani na visiwa kutoka Kismayo hadi Pate.

Kazi ya mapema haikuwa ya mbao. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukoni kwa miezi kadhaa, kisha hupondwa, huchambuliwa na kusokotwa kamba. Mbao nazo zilichongwa, na tanga la mkeka likasukwa. Ndipo mbao zilipotobolewa, zikaunganishwa kwa vijiti na kushonwa. Mataruma yalitiwa baadaye, ubavu ukiwa umekwisha kusimama.

Hapa naona mambo mawili. Kwanza, kila kazi ilikuwa na mwisho unaoonekana: kamba iliyosokotwa au ubao ulioshonwa ungeweza kukaguliwa kabla ya kuendelea. Pili, kushusha chombo majini hakukuwa mwisho wa mradi. Kamba huoza, kwa hiyo kushona upya kulikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Wapo wanaoweza kusema kwamba mtepe ulitoweka kwa udhaifu wake. Sikubali. Mshono uliuwezesha kunepa ulipogusa mwamba. Ulishindwa na vyombo vya misumari, visivyohitaji kushonwa tena na tena, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukatoweka baharini. Mwaka 2003 mtepe uliundwa upya Zanzibar ukawekwa Beit al-Ajaib, lakini chombo cha maonyesho hakirudishi mnyororo wa mikono iliyokuwa nyuma yake.

Baada ya vita vya 1991 Wabajuni wengi wa Somalia walikimbilia Kenya na kwingineko, na wazee wenye msamiati wa kazi hizi wakatawanyika. Kwa maoni yangu, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni hapa. Orodha ya kazi huandikwa kwa siku moja. Jina la kila kazi na namna ya kuifanya havipatikani ila kwa aliyeirithi, naye hatungoji.