Ngome ya Mifflin, 1777: Kisiwa cha Matope na Manowari za Uingereza

Ngome nyingi tunazozisoma katika historia zilijengwa kulinda mji uliokuwa nyuma yake. Ngome ya Mifflin, katika mto Delaware nchini Marekani, ilipiganiwa baada ya mji wake kutekwa. Jeshi la Uingereza chini ya Jenerali William Howe liliingia Philadelphia kwa nchi kavu tarehe 26 Septemba 1777. Kwa nini basi watu wapatao 400 waendelee kufa juu ya kisiwa cha matope kusini mwa mji huo?

Jibu ni chakula. Jeshi la Howe lilihitaji unga, nyama, baruti na nguo za baridi, na vitu hivyo vilikuwa katika meli za kaka yake, Admirali Richard Howe, ambazo hazikuweza kupanda mto. Chini ya maji Wamarekani walikuwa wamezamisha masanduku makubwa ya magogo yaliyojazwa mawe, yakiwa na miti mirefu yenye ncha za chuma zilizoelekea upande wa bahari. Meli ikiyapanda ingetoboka. Mabaharia wakija kuyang'oa, walipigwa na mizinga ya Mifflin kutoka kisiwani na ya ngome ya pili, Mercer, ng'ambo ya New Jersey. Vizuizi bila mizinga visingedumu hata wiki moja. Sisi tuliozoea habari za Fort Jesus, ambako waliozingirwa mwaka 1696 walikuwa wakingoja meli za kuwaokoa, hapa tunakuta kinyume chake: wanaozingira ndio wanaongoja meli.

Majaribio ya kwanza yaliwagharimu sana Waingereza. Tarehe 22 Oktoba askari wa kukodiwa kutoka Ujerumani waliishambulia Mercer wakashindwa, na kamanda wao, Kanali Carl von Donop, akafa kwa majeraha. Kesho yake Augusta, manowari ya mizinga 64, ilikwama mtoni, ikashika moto na kulipuka.

Baada ya hapo kazi ikawa ya mhandisi John Montresor. Ni yeye aliyeianza ngome hiyo mwaka 1771, ilipokuwa bado mali ya mfalme wa Uingereza! Adui alitarajiwa kutoka baharini, kwa hiyo ukuta wa mawe ulitazama mkondo mkuu, na upande wa Pennsylvania ukawa na boma la miti tu. Sasa Montresor aliweka mizinga yake upande huohuo wa miti. Naona hapa ndipo ngome iliposhindwa, hata kabla ya risasi ya kwanza.

Mashambulizi makubwa yalianza tarehe 10 Novemba. Mchana boma lilivunjwavunjwa. Usiku mhandisi Mfaransa, François de Fleury, aliwaamsha watu kulitengeneza upya, katika matope na baridi. Joseph Plumb Martin, askari wa miaka 16, aliandika baadaye kwamba walikuwa na mzinga mmoja mkubwa usio na risasi zake, wakawa wanaokota zile zilizorushwa na Waingereza na kuzirudisha. Aliyeleta moja alipewa kipimo cha ramu. Tarehe 15 meli Vigilant ilipenya katika mkondo mwembamba wa nyuma, karibu kabisa na boma, hata askari waliopanda milingotini wakawa wanatupa mabomu ya mkono ndani ya ngome. Usiku huo Meja Simeon Thayer alivusha waliobaki hadi ng'ambo, akaichoma moto ngome bila kushusha bendera. Waliouawa na kujeruhiwa wanakadiriwa kuwa 250.

Mercer iliachwa siku chache baadaye na meli zikafika mjini. Je, ilistahili? Nadhani ndiyo, ingawa wengine hutia chumvi wakisema ngome hii iliokoa mapinduzi. Ilichofanya ni kumshikilia Howe mtoni hadi mwishoni mwa Novemba, msimu wa vita ukiwa umekaribia kwisha. Tarehe 19 Desemba jeshi la George Washington liliingia kambi ya Valley Forge, lenye njaa lakini likiwa bado jeshi.

Martin alitoa kitabu chake mwaka 1830, akiwa mzee. Alilalamika humo kwamba vita vya kisiwani vilisahauliwa kwa sababu hapakuwa na jenerali yeyote mashuhuri aliyekuwapo.