Mafiga Matatu, Kutoka Rumonge hadi Nduta

Kwetu Rumonge hatuwashi moto ili kupasha nyumba joto. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa jasho. Wanaohitaji moto ndani ni wenzetu wa milimani, kule Mugamba, ambako ardhi inapita mita 2000. Lakini habari ya saizi ya jiko tunaijua, maana kuni zimetufundisha.

Bibi yangu alizaliwa Rumonge. Anasema zamani hakuna aliyeuliza jiko liwe kubwa kiasi gani. Palikuwa na mafiga, kwa Kirundi amashiga, mawe matatu tu. Chungu kidogo cha maharage, unayasogeza karibu. Sufuria ya msibani, unayatanua. Kuchemsha chikichi za mawese kulikuwa na moto wake nje, chini ya pipa zima, na makapi ya chikichi yenyewe yalikuwa kuni. Dagaa walikaushwa juani. Kila kazi na kipimo chake.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini mwa Burundi, Rumonge ikiwemo, na baada yake jeshi likaua watu wengi mno nchi nzima. Bibi alivuka kwenda Kigoma, akafika makazi ya Ulyankulu, Tabora. Huko msitu ulikuwa karibu, akapanga mafiga mapya. Mwaka 2008 tulirudi naye Rumonge, tukakuta shamba lake la michikichi lina watu wengine.

Mwaka 2015 tukakimbia tena. Tulipita Kagunga, meli ya MV Liemba ikatupeleka Kigoma, tukaingia Nyarugusu. Nduta ilipofunguliwa tena mwezi Oktoba, tukahamishiwa huku.

Hapa ndipo saizi ilipotuuma. Shirika moja liligawa majiko ya aina moja kwa kila nyumba. Sisi tulikuwa tisa. Sufuria yetu ilikaa juu ya lile jiko ikiyumba, na maharage yakaiva usiku. Jirani aliishi peke yake. Kisufuria chake kilizama, moto ukatokea pembeni bure. Wote wawili tukarudi kwenye mafiga, yaani kuni nyingi zaidi na safari nyingi zaidi za porini. Siku moja dada yangu alirudi akikimbia, hana kuni, kiatu kimoja. Sitaeleza zaidi. Wanawake wa kambini wananielewa.

Sasa nafundisha vijana kufinyanga majiko ya udongo. Nawaambia, usianze na jiko, anza na sufuria ya kila siku. Ipime, kisha acha nafasi ya upana wa kidole kati yake na ukuta wa jiko, moto uilambe pande zote. Mdomo wa kuni uwe mdogo, lakini hewa ipite, la sivyo ni moshi mtupu. Kuni zikauke, zipasuliwe nyembamba. Familia kubwa, jiko kubwa. Mtu mmoja, jiko dogo.

Na ninyi wa mashirika, kabla ya kuagiza majiko, pigeni hodi muulize, "Mnakula wangapi hapa?" Mafiga ya bibi yalijua kusogea. Jiko la kugawiwa halisogei, kwa hiyo lazima mtu aulize kwanza.