Sewahaji: tajiri wa misafara aliyeacha jina Muhimbili

Mpango wa kuijenga upya Hospitali ya Taifa Muhimbili umewafanya watu waulize majengo ya zamani yataishia wapi. Mwaisela, Kibasila, Sewahaji: kwa mkazi wa Dar es Salaam hayo ni majina ya wodi za kupelekea mgonjwa uji. Wachache wanakumbuka kwamba Sewahaji alikuwa mtu.

Ni Sewa Haji Paroo, Mhindi Muismailia, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyezaliwa mwaka 1851. Alitajirika kwa misafara ya bara, akiwauzia wasafiri vitambaa, shanga na baruti, na kuwatafutia wapagazi.

Mteja wake mmoja hakumsamehe. Mapema mwaka 1871 mwandishi Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo akielekea kumtafuta Livingstone. Alihitaji wapagazi zaidi ya mia, na kijana wa Kihindi wa miaka kama ishirini akachukua kazi ya kuwapata. Malipo yalikuwa kwa doti za nguo, merikani na kaniki. Wiki zikapita, wapagazi wakija kwa kudonadona, na hesabu zilipoletwa Stanley akaona kapunjwa. Yakazuka maneno makali. Katika kitabu chake cha 1872 alimchora kijana huyo kama tapeli wa kupindukia, na jina alilompa, Soor Hadji Palloo, linachukuliwa kuwa la Sewa Haji huyuhuyu. Upande wa pili wa kesi hatunao, kwani mfanyabiashara hakuandika kitabu. Stanley naye hakuwa mtu wa kujinyima chumvi.

Lililo wazi ni kwamba utajiri ule ulipanda juu ya mabega ya wapagazi. Ndiyo maana alichoufanyia baadaye kinashangaza. Alijenga Dar es Salaam hospitali ya Waafrika na Wahindi. Nyumba yake ya ghorofa Bagamoyo aliwapa Wajerumani kwa sharti iwe shule ya watu wa rangi zote. Alipofariki Februari 1897, wosia wake ulielekeza mapato ya mali zake kwenye chakula cha wagonjwa wa hospitali ile na mahitaji ya wakoma wa Bagamoyo.

Mwaka huohuo Wajerumani walikamilisha hospitali ya Ocean Road, yenye upepo wa bahari, kwa ajili ya Wazungu. Basi rangi ya mtu ikaamua alazwe wapi, na Waingereza walipokuja hawakuona sababu ya kubadili. Mwaka 1956 Princess Margaret alifungua hospitali mpya iliyopewa jina lake, ndiyo Muhimbili ya leo. Jengo la Sewa Haji likabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, jina likahamia kwenye wodi. Nchi yetu ni hodari wa kutunza majina na mvivu wa kutunza habari zake.

Swali la nani atibiwe wapi halikuisha. Baada ya Uhuru, ripoti ya Profesa Richard Titmuss na wenzake kuhusu huduma za afya, ya 1964, ilihimiza vituo vya afya vijijini kabla ya hospitali kubwa za mijini. Azimio la Arusha la siasa ya ujamaa likaja 1967, na mwaka 1977 hospitali za kibinafsi za kutafuta faida zikapigwa marufuku, hadi zilipofunguliwa tena 1991.

Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza 1993, na msamaha ukawekwa kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi 2001, na sheria ya bima ya afya kwa wote ikapitishwa 2023. Mzee asiye na kadi bado anahangaikia barua ya serikali ya mtaa ithibitishe kwamba hana kitu. Barua hiyo humfikisha kwa daktari. Dawa ikikosekana dirishani, anaandikiwa akanunue duka la nje ya geti, kwa fedha ambayo barua imeshasema hana.